Gunia Lenye Maua

Asubuhi za Juni na Julai, kazi yangu ilikuwa kufunga gunia mbele ya lori, au kamiyo kama tulivyoliita, ambalo baba alimwendeshea tajiri mmoja. Ulikuwa mwaka 1954, hapa Lubumbashi, siku hizo mji ukiitwa Élisabethville. Baridi iliuma vidole na injini ilikataa kuamka. Gunia lilizuia upepo usipige radiatere, yaani tangi la maji linalopoza injini. Injini ikishapata joto, gunia hutolewa upesi ili upepo uingie. Baba, dereva Constantin, alinifundisha kupima kwa kiganja.

"Wivine, mama, mukono ikisikia moto, toa gunia. Usingoje," aliniambia kila siku, na sauti ile naikumbuka hadi leo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na masista walikuwa wamenifundisha kudarizi. Basi nikatia maua mekundu kwenye gunia zima. Niliringa nalo kama nimeshona gauni la bibi arusi.

Likizo ilipofika, baba alinichukua twende Lukafu kubeba mahindi. Tuliposimama mara ya kwanza, alikwenda nyuma kukaza kamba.

"Ulitoa gunia?" aliuliza aliporudi kwenye usukani.

"Ndiyo, baba."

Sikulitoa. Nilitaka watu wa njiani wayaone maua yangu, na kutoka kwenye kiti chake baba hakuweza kuliona gunia.

Tulipokuwa tunapanda kilima, moshi mweupe ulifuka mbele. Baba alisimamisha lori, akakimbilia nyuma kuweka jiwe kwenye gurudumu. Mimi nikaruka chini, nikalichomoa gunia na kulificha chini ya kiti. Lilikuwa la moto kama chungu kilichotoka jikoni.

Baba alifungua boneti akatazama kwa muda mrefu.

"Njo pompe ya maji," alisema, yaani pampu ya maji ndiyo yenye kosa. "Jana Amadi aliifunga mubaya. Tukirudi nitaambia mwenye kamiyo amufukuze. Motere ya hii kamiyo imepona miaka kumi na moja, yeye anataka kuiua siku moja."

Amadi alikuwa fundi, jirani yetu. Mkewe, Mwajuma, alinipikia vitumbua kila Idi. Baba alikuwa tayari ametoa spana. 

"Baba, haiko kosa ya Amadi," nilisema. Nikalivuta gunia kutoka chini ya kiti. "Niliacha gunia. Nilikudanganya."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Aliirudisha spana kwenye sanduku, akakaa kwenye nyasi. Nilitaka kukimbia kuleta maji ya mtoni, akanizuia.

"Maji ya baridi kwenye motere ya moto inapasua chuma. Tungoje ipoe."

Tulingoja mpaka kiganja kikaweza kutulia juu ya chuma. Ndipo baba akawasha injini, akamimina kwenye radiatere maji niliyochota mtoni, polepole, kidogo kidogo. Lori likanguruma vizuri, na tukafika Lukafu kabla ya jua kuzama.

Tuliporudi mjini, baba alinipeleka kwa Amadi nimweleze mwenyewe. Nililia tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Amadi alilikunjua gunia, akalitazama pande zote.

"Maua iko mizuri," alisema akicheka. "Lakini motere haina macho, mutoto yangu."

Baba hakucheka. Aliniwekea mkono begani.

"Motere ilisikia moto, ikatoa moshi, ikatuambia. Njo maana iko muzima. We ulisikia moto ndani, ukataka kuufunika. Kama ungenyamaza mpaka leo, Amadi njo angeungua. Ukikosa, sema mbio, kosa ingali kidogo."

Kesho yake, kukiwa na baridi kali, baba alinipa gunia lile lile.

"Funga," alisema.

Nilifunga, na injini ilipopata joto nikalitoa. Lori lile lilitembea miaka mingine tisa, na baba hakuniuliza tena kama nimelitoa.