Mahindi ya Kavata na Chupa ya Chumvi

Kila Jumanne mchana Kavata alichukua daftari lake na kwenda gumbaru, darasa la watu wazima katika kanisa moja la Kathonzweni. Alijua kuandika jina lake akiwa na miaka arobaini, na hakuona haya hata kidogo.

Jumanne moja kila mwanafunzi alikuwa ameambiwa aje na kitu kikavu kutoka nyumbani. Mwalimu Mbinya aliandika ubaoni neno la Kiingereza: dry.

"Neno hili lina kazi nyingi," alisema. "Kiangazi ni dry season. Ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa ni dry cow. Betri ya tochi ni dry cell. Nani ana mfano wake?"

Kavata akainuka na mahindi kiganjani. "Haya hapa! Mume wangu, Baba Ndinda, aliyauma kwa jino, yakalia ka! Ni dry kabisa. Gunia sita tumeshona tangu Ijumaa."

"Mlivuna lini?"

"Wiki hiyo hiyo, Mwalimu. Tungeyaacha shambani, nyani wangetumaliza."

Mwalimu hakucheka. Alitia mahindi hayo katika chupa kavu ya soda, pamoja na chumvi kavu aliyoleta mwanafunzi mwingine, akaitikisa kwa muda, akaiweka mezani. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo.

"Mama Ndinda, afisa wa kilimo alinionyesha hii. Mahindi makavu huacha chumvi ianguke chini. Jino lenu limepima ngozi tu. Ndani kuna maji. Yakikaa kwa gunia yatapata moto, kisha kuvu. Kuvu hiyo inaweza kuwa na sumu ya kuharibu ini, na kupika hakuitoi."

Gunia sita! Chakula cha watoto wanne mpaka mavuno mengine! Hakumuaga mtu, alitoka mbio.

Nyumbani mumewe, Kisilu, alicheka aliposikia habari ya chupa. "Chumvi ndiyo itanifundisha mahindi? Babangu aliuma mpaka meno yakaisha."

"Fungua, uweke mkono."

Kisilu alikata uzi, akazamisha mkono hadi kiwiko. Akauchomoa upesi. "Aiya! Kuna moto!"

Walimwaga gunia moja moja kwenye turubai. Gunia moja lilikuwa limeota kuvu ya kijani katikati. Walilifukia lote shimoni, hata kuku hawakuonjeshwa, na Kavata akalia waziwazi. Mengine waliyaanika siku tisa, wakiyaingiza ndani kila jioni.

Siku ya tisa Kisilu mwenyewe alitikisa chupa. Chumvi yote ikaanguka chini.

"Dry," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiingereza.

Ndipo Kavata akaenda kuleta sindano ya magunia.