Kesi Iliyorudishwa Nyumbani

Lifti ya mahakama ya kimataifa ilijaa mawakili na majoho yao, hata fundi wa sauti akabanwa ukutani, uso kwa uso na mkalimani aliyevaa gauni la kijani.

"Samahani, nimekukanyaga."

"Kanyaga tu. Sauti hii naisikia masikioni kutwa nzima, leo ndiyo nimeiona sura yake."

"Kumbe ni wewe unayenizimia maikrofoni nikikohoa!"

Wakacheka. Haukupita muda, wakawa hawalali bila kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Nakuhitaji wewe."

"Muone na maneno yake!"

Lakini kila ilipotajwa kesi ya mkuu wa wilaya mmoja, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari, mkalimani hakuonekana kazini, na simu ilizimwa. Wivu ukamwingia fundi.

"Ni nani huyo unayemzimia simu?"

"Usiniulize, nakuomba."

"Basi kaa naye!" Akakata.

Wakanuniana hadi siku majaji walipoamua kesi ile ihamishiwe mahakama za nchi yalikotendeka mauaji. Kutoka chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, fundi alimwona mkalimani kwenye viti vya wasikilizaji, mtandio umelowa machozi. Akamkimbilia nje.

"Yule mkuu wa wilaya alikuwa jirani yetu," mkalimani akasema. "Alinifundisha baiskeli. Ndiye aliyewaleta waliomuua mama na kaka zangu. Mimi ni shahidi, nilikatazwa kumwambia mtu. Leo nimeshindwa kunyamaza."

Fundi akamfuta machozi. "Nisamehe. Nikuoe, twende wote."

"Niache kwanza nikayaseme, mbele ya watu waliotujua."

Akaenda. Simu zikawa chache, fupi, hadi alasiri moja.

"Amekiri," alisema kwa sauti iliyokauka. "Aliponiona kwenye kizimba cha mashahidi aliinamisha kichwa, kisha akaonyesha walikotupwa mama na kaka zangu. Mama nimemtambua kwa mkufu wake."

"Nije?"

"Njoo tuzike. Mengine sina nguvu ya kuahidi."

Fundi alifika na suti nyeusi ya kuazima. Mkalimani alikuwa amekonda, kanga nyeusi ikimpwaya. Watu walipotawanyika makaburini, akamshika mkono, wakapiga magoti kwenye udongo mbichi.

"Mama, huyu ndiye mkweo."

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

Ndipo mkalimani akaangua kilio alichokizuia tangu utotoni, na fundi akamkumbatia, asimnyamazishe.