Ndoa ya Braga Yatambuliwa Groningen

Jumamosi ile nyumba ya Femke na Inês mjini Groningen, Uholanzi, ilijaa watu. Femke alikuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa, naye ana mimba kubwa. Wageni waliketi kwa duara, kahawa mkononi, kipande kimoja cha keki kwa kila mtu. Inês, mke wake, ni Mreno. Kile kipande kimoja humtia aibu mpaka leo. Kwao Braga mgeni hula mpaka aombe kuachiwa.

Jirani yao, Bi Hiltje, alikwenda chooni. Huko ndiko watu wa hapa hutundika kalenda ya siku za kuzaliwa na za ndoa, na macho hayana pazia. Alirudi akitingisha kichwa.

"Nyie watoto! Kumbe mlifunga ndoa Septemba, tena huko Braga, na mimi hamkunialika?"

"Ilikuwa haraka haraka, Bi Hiltje," Femke akacheka.

"Haya, nimewasamehe. Na manispaa mmeiarifu?" Bi Hiltje anafanya kazi huko, ofisi ya vizazi na ndoa.

Wake wale wakatazamana.

"Si tumeshaoana?" Inês akasema. "Pete hii hapa."

"Kompyuta haioni pete, mwanangu. Ndoa yenu ni halali hapa, hilo halina ubishi. Lakini Groningen itajuaje ya Braga msipoiambia? Kwetu Femke bado anasomeka hajaolewa. Mtoto akizaliwa hivi, wewe hutaandikwa mzazi."

Inês akaiweka keki yake chini. Miezi yote alikuwa akimwimbia mtoto yule tumboni, kwa Kireno. Aliogopa sana.

"Basi nimechelewa?"

"Umechelewa wapi! Agizeni cheti cha ndoa Braga, pamoja na ile fomu ya lugha nyingi ya Umoja wa Ulaya. Hapo hamhitaji mfasiri wala mihuri zaidi. Mje nacho, na vitambulisho vyenu. Na ile barua mliyopewa kliniki kuhusu mchangiaji wa mbegu za kiume, itunzeni. Itatakiwa mtoto akizaliwa."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Sasa niongezee keki. Leo ni Jumamosi, sifanyi kazi bure."

Mama yake Inês alikiomba cheti kule Braga, kikafika. Wakakipeleka manispaa, ndoa ikaandikwa. Haikupita muda Femke akajifungua mtoto wa kike, Mirte.

Inês ndiye aliyekwenda kumwandikisha, barua ya kliniki mkononi.

"Wewe ni nani wake?" karani akauliza.

"Mama yake."

Karani akatazama kompyuta.

"Naam, nakuona hapa, mke wa Femke. Hongera, mama."

Inês akalia palepale mbele ya karani, na moyo ukamtua.

Jioni Bi Hiltje akaja kumwona mtoto. Alikuta keki nzima mezani, na kisu pembeni. Lakini kabla ya kuketi, alipitia chooni kwanza.

"Mirte yumo kwenye kalenda!" akapaza sauti kutoka huko. "Haya, sasa nileteeni mjukuu wangu."