Mkataba Uliojibiwa

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sauti hiyo ndogo ilimwamsha Bi Siwema kabla jogoo hajawika. Alidhani ni panya. Akajiinua mkekani, akachungulia jikoni, akamwona Editha amepiga magoti mbele ya kigoda, anajaribu kuandika jina lake kwenye karatasi. Kalamu ilikwaruza tu. Halikutoka hata tone la wino.

"Haitaandika, mwanangu," Bi Siwema alisema kwa upole.

Binti akashtuka. "Shikamoo, Bi Siwema. Nilitaka kujaribu tu."

"Marahaba. Hiyo haidanganyiki, hata gizani."

Ilikuwa kalamu ya ridhaa. Miaka ile, pale Singida na nchi nzima, hakuna aliyejiunga na chuo bila kuitumia. Iliunganishwa na mbainishi, mashine ya mviringo isiyozidi kitunguu kwa ukubwa. Mbainishi ilisoma mkataba kwa sauti na kueleza kila kifungu, kisha ilimtaka mwanafunzi aeleze alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe. Akieleza sawasawa, wino hushuka. Asipoeleza, kalamu hubaki kavu kama kijiti. Sheria hiyo ilitungwa baada ya vijana wengi kujifunga kwa mikataba ambayo hawakuisoma.

Lakini wapo watu ambao mashine haiwezi kuwafungua midomo. Kwa ajili yao manispaa ilimwajiri Bi Siwema. Kabla ya hapo alikuwa mshenga. Kwa miaka thelathini alipeleka barua za posa nyumba hadi nyumba, na alijua kukaa na watu mpaka neno lililokwama litoke.

Editha alikuwa na miaka kumi na tisa. Chuo cha Anga, kilichojengwa juu ya kituo kinachoizunguka dunia, kilikuwa kimemchagua kujifunza kulima chakula pasipo udongo. Mwisho wa kusaini ulikuwa adhuhuri ya siku hiyo. Mkataba usiposainiwa, nafasi angepewa mwingine. Vifungu vyote alivieleza vizuri, isipokuwa cha kumi na tisa. Hapo alikuwa amekwama siku mbili, na Bi Siwema alikuwa amekuja kulala kwao ili amsaidie.

Kulipopambazuka walikunywa chai kwa viazi vitamu. Bi Siwema aliona jinsi Editha alivyomjazia bibi yake kikombe nusu tu, kwa sababu mkono wa mzee ulitetemeka, na jinsi alivyomwongezea kidogo kidogo bila kuulizwa. Bibi Tabu alikuwa na miaka themanini na minane. Ndiye aliyemlea Editha tangu alipokuwa hajaota meno.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi Tabu alisema, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani. "Leo utasaini, au umeamua kubaki hapa unisumbue?"

Editha akacheka kidogo, akaiweka mbainishi mezani.

"Kifungu cha kumi na tisa," ilisema mashine. "Mwanafunzi hatarudi duniani kabla ya kuhitimu, yaani miaka mitano, kwa sababu yoyote ile. Eleza kwa maneno yako."

"Nitakaa chuoni miaka mitano."

"Hayo ni maneno ya mkataba. Eleza maana yake kwako."

"Maana yake... nitasoma mpaka nimalize."

"Bado."

Editha akainamisha kichwa. Bi Siwema hakumharakisha. Alimenya kiazi polepole, akamwekea Bibi Tabu kwenye sahani. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema.

"Maana yake nikifa hutanizika."

Binti akaficha uso kwa kanga ya bibi yake, akalia.

"Basi, basi," Bibi Tabu akamwambia, akimpapasa mgongo. "Kwani nani kakuambia ninakufa? Mimi hata wale kuku wangu weusi wa uani sijamaliza kuwala."

Bi Siwema aliitazama ile karatasi. Maneno yake yalieleweka. Ilikuwa wazi kwamba Editha alikielewa kifungu kile tangu siku ya kwanza; alichokosa ni nguvu ya kukikubali. Ndipo mshenga wa zamani akakumbuka kazi yake.

"Posa ikija, hatuitikii pale pale," alisema. "Tunaijibu. Tunasema tumewasikia, na sisi tuna haya yetu. We mbainishi, mkataba huu unaweza kujibiwa?"

"Ndiyo. Kabla ya kusainiwa, kila mkataba unaweza kujibiwa."

"Mbona siku mbili umenyamaza?"

"Sikuulizwa. Nimesoma mikataba elfu nne. Hakuna aliyewahi kuuliza."

Bibi Tabu akaguna. "Mashine msomi kweli, ila haina mdomo wa shangazi."

Wakatundika pazia la sura, kitambaa kinachopeleka picha ya mtu mpaka mahali alipo mwenziwe, ikawa kana kwamba wameketi wote watatu ndani ya ofisi ya usajili huko angani.

"Hodi!" Bi Siwema akaita.

Msajili, mama wa makamo aitwaye Faustina Kileo, aliruka kitini. "Karibuni! Samahani, sikutegemea... karibuni."

Bi Siwema akamweleza kisa chote, bila kulaumu. Faustina akakisoma kifungu mara mbili.

"Kiliandikwa chuo kilipoanza," alisema. "Wakati huo chombo kilipanda na kushuka mara moja tu katika miaka mitano. Siku hizi vyombo vya mizigo hushuka kila mwezi."

"Sasa kwa nini kipo bado?"

"Mashine inakinakili kila mwaka, na wote wanasaini." Akakigusa kifungu kwa kidole. "Hata mimi nilisaini. Nilikuwa katika kundi la kwanza kabisa la wanafunzi wa hapa. Mama yangu alizikwa Rombo, kwenye migomba yetu. Niliangalia kwenye pazia kama hili."

"Pole, mwanangu," Bibi Tabu alisema. "Aliitwa nani?"

"Anjelina."

"Mungu amlaze Anjelina mahali pema."

Faustina akafuta macho kwa kiganja. Kisha akakikata kifungu kile kwa mkono wake, akaandika kingine, akatia jina lake pembeni. Maandishi hayo yakatokea pia kwenye karatasi ya Editha, na mbainishi ikasoma: mwanafunzi ataruhusiwa kushuka kwa ugonjwa au msiba wa nyumbani, kwa chombo cha kwanza kitakachopatikana.

"Eleza kwa maneno yako," ilisema.

Editha akamshika bibi yake mkono. "Nitaishi mbali. Bibi akiugua, nitashuka, ingawa huenda nikasubiri mwezi mzima. Akitangulia kabla sijafika, nitalikuta kaburi, na nitalia hapo hapo. Hilo ninalielewa. Nimekubali."

Wino ukashuka. Bibi Tabu akapiga kigelegele chembamba mpaka kikohozi kikamkatiza, na Editha akamkimbilia na maji huku anacheka na machozi bado mashavuni. Adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Bi Siwema akainuka kulikunja pazia, akaona Faustina bado ameketi vile vile, anawatazama.

"Kuna jambo limebaki, mama?"

"Hapana. Ila fomu hunifikia zikiwa zimeshasainiwa. Tangu nishike kazi hii, hakuna mtu aliyewahi kunipigia hodi." Akavuta kiti chake karibu zaidi. "Mkipata nafasi, njooni tena. Hata kama hamna mkataba."