Chupa Nyuma ya Matete

Gari la Égide lilizama kwenye tope jeusi mpaka magurudumu yakapotea. Mvua ilikuwa imekatika, jua limerudi na hasira zake zote, na simu hazikuwa na netiweki. Walikuwa wametoka Mount Druitt, Sydney, kwenda kumwona kaka yake Nsimire huko bara. Gloire, binti ya Nsimire, aliitwa kazini dakika ya mwisho, basi mama akajikuta kiti cha nyuma, peke yake na huyu Mrundi anayetaka kumwoa mwanawe.

Na nani alimtuma aache lami? "Mabukwe, nataka uone wari, kama wale wa ziwani kwetu," alisema, akimwita mama mkwe kwa Kirundi chake, akakata kona. Wari! Mtu mzima anaacha barabara kwa ajili ya ndege!

Kila mmoja alikuwa na chupa moja ya maji. Ya Nsimire iliisha kesho yake asubuhi. Bwawa lilikuwa pale mbele, pana, lakini maji yake yalikuwa ya kijani yenye utando, na kondoo wawili wamevimba ukingoni.

"Hayo ni sumu," Égide alisema. "Tuvuke. Ng'ambo naona paa."

"Nizame mimi? Vuka wewe!"

Kila alipotaka kunywa, Égide alichukua chupa yake akaenda nyuma ya matete. Mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Hata kwao Nsimire ni hivyo, angesema nini? Alirudi akipangusa midomo iliyolowa, akammiminia Nsimire kidogo. "Mimi nimetosheka."

Ati ametosheka! Anashiba kwanza, halafu ananiletea makombo. Mila ni mila, lakini mjanja hujificha humo humo. Mchana Nsimire akamnyatia ili amfumanie.

Égide alikuwa amechuchumaa, chupa imefungwa. Alichovya kidole kwenye maji ya kijani, akajipaka midomoni, akatema, akatema tena. Midomo ilikuwa imepasuka, inavuja damu. Nsimire akaziba kinywa kwa kitenge, akarudi kinyumenyume. Aibu ilimchoma kuliko jua.

Égide alipotoka, akaonyesha bwawani. Wale ndege wakubwa weupe walikuwa wamejipanga mstari, wakiinamisha midomo kwa pamoja, mifuko ya shingoni ikijaa.

"Wanaswaga samaki kwenye maji mafupi, mabukwe. Tukiwafuata hatuzami."

Nsimire akakaza kitenge kiunoni. "Tangulia. Nakufuata."

Maji yaliwafika mapajani, tope likawavua viatu. Wari wakaruka kwa kishindo. Katikati Égide akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Nsimire akamkamata mkono, jambo ambalo nalo halifanywi, akamburuta mpaka ng'ambo.

Mzee mwenye shamba aliwakuta na pikapu yake, akawapa dumu la maji baridi. Égide akangoja mama anywe, kisha akalipokea, akageuka kwenda nyuma ya pikapu.

"Wee! Unaenda wapi?" Nsimire alimshika shati. "Kunywa hapa. Mbele yangu."

"Mabukwe, haifai..."

"Nilikuona kule kwenye matete, mwanangu. Kunywa."

Akanywa, maji yakimwagika kifuani, na mama mkwe akamshikia kitako cha dumu.