Aliyeonja Kabla ya Mwenyeji

Maji yale hayakuwa na kitu. Yalichujwa mara tatu, yakafungwa, na aliyeyafunga ni Ilyasi mwenyewe, mtaalamu wa labo moja ya kupima sumu pale Mushasha, Gitega. Kila asubuhi aliilisha mashine yake tone la maji matupu, ichore mstari ulionyooka, ndipo kazi ianze. Jumanne hiyo mashine ikachora kilima.

"Uchafu," alisema Ilyasi, akamwangalia mwenzake wa kazi, Fredi, kama mtu anayeangalia mavi ya kuku kwenye mkeka wake. "Umeshika nini?"

"Sijashika kitu. Ndiyo kwanza naingia," akajibu Fredi, mtu mzima aliyekulia Tanzania kambini na kurudi na Kiswahili chake kilichopigwa pasi.

Mnawajua watu wa namna ya Ilyasi. Kazaliwa Muyinga, kasomeshwa kwa juisi ya tangawizi aliyouza dada yake Zuena, kaenda Ulaya, karudi na koti jeupe na pua ya kuwanusia watu. Ukimwuliza habari za mashine atakuchosha mpaka adhuhuri, lakini kwa kifupi ni hivi: ndani kuna mrija mwembamba kama uzi, uliozungushwa mara nyingi. Harufu zikiingia zimechanganyika, zinatoka moja moja, kama magari kwenye foleni ya mafuta. Mwisho wa foleni kuna mwali wa leza, na huyo ndiye polisi: kila harufu inaulizwa karangamuntu, kitambulisho chake. Hata sumu ndogo kama punje ya chumvi iliyotupwa kisimani itatajwa jina.

Kilima cha asubuhi ile kiliulizwa jina. Mashine ikaandika: hakijulikani.

Na juu ya meza ilikuwa inangoja chupa ya Zuena. Mzee Houssein, jirani yake kule Muyinga, alikunywa juisi kwake Jumamosi, Jumapili akafa. Miaka themanini na mitatu, na presha juu. Mtu wa hivyo angekufa hata kwa kupiga chafya. Lakini wanawe waliamua ni sumu. Zuena alipewa mpaka Ijumaa: alete karatasi ya labo, la sivyo nyumba inachomwa na yeye anahama.

Simu ikalia.

"Mdogo wangu, ile juisi umeionja?"

"Kuonja nini, Zuena? Mashine iko."

"Mashine ni mgeni wako, sha! Unampa mgeni kinywaji bila kuonja? We umelelewa na nani?"

Kwetu hata mtoto anajua: mwenyeji hunywa funda la kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba hamna sumu. Ilyasi alicheka, akakata simu. Lakini asiwadanganye kwa kicheko hicho. Msomi huyu aliiogopa juisi. Moyoni alishamdhania dada yake.

Saa sita Fredi akaenda kula. Ilyasi akavuta juisi kwa sindano, akaipa mashine. Tangawizi ikapita, limau, sukari, na nyuma yao kile kilima, kirefu zaidi. Akaweka chai yake: kilima. Akaweka mate yake mwenyewe: kilima. Kisha ikaja harufu, kwanza kidogo kama ubani uliozimwa kwa maji, halafu ya manyoya ya mbuzi aliyenyeshewa, halafu ya kinywa, ndiyo, kinywa cha mtu aliyefunga siku arobaini, karibu kabisa na shingo yake, na jua lilikuwa linawaka dirishani na wanafunzi wanapita barabarani wakiimba, na bado baridi ikamwingia vidoleni, na ile chupa ya gesi ya mashine iliyozoea kutoa pumzi mchana kutwa ikaanza kuvuta, kama mtu anayefyonza mchuzi sahanini, na katikati ya kufyonza huko likatoka neno moja, kwa sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke:

"Onja."

Msomi wa Ulaya alitoka mbio na kiatu kimoja.

Fredi ndiye aliyemleta Bi Fatouma, mganga wa mtaa wa Waswahili. Mama huyo hakuvuka hata kizingiti.

"Miaka miwili mnaingiza vinywaji humu," akanong'ona, "na hakuna aliyetangulia kuonja. Mdomo uko wazi, mwenyeji hayuko. Basi mwingine amekuja kujifanya mwenyeji. We kunywa funda moja la hiyo juisi, kisha ulishe mashine. Ataondoka."

"Na kama iko na sumu?" akauliza Ilyasi.

Bi Fatouma alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Ya dada yako huyo aliyekulea?"

Akafumba macho, akaanza kusoma dua. Ilyasi akainua chupa, akalowesha midomo tu, akakohoa kama aliyemeza. Mashine ikachora tangawizi, limau, sukari, na mstari ulionyooka. Bi Fatouma hakuona. Mwingine aliona.

Ijumaa, baada ya swala, karatasi ya labo, isiyotaja sumu yoyote, ilisomwa Muyinga, uani kwa Zuena, mbele ya wana wa marehemu.

"Karatasi tumeisikia," alisema Othmani, mkubwa wao. "Lakini we mwenyewe, msomi, uliionja?"

"Niliionja."

Zuena akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumapili. Na kinywa cha mdogo wake kikakataa kufumbika. Kikabaki wazi, ulimi haugusi kitu, na kutoka ndani kabisa sauti ikasema taratibu:

"Hakuonja. Nilionja mimi."

Wana wa Houssein waliruka ua wa miti ya miyenzi, Othmani mbele yao wote, kanzu kaishika mkononi.

Nyumba ya Zuena haikuchomwa. Hakuna tena anayetaja sumu pale Muyinga. Watu wana la kusema lililo tamu zaidi. Ilyasi analala chumba cha nyuma, kwa dada aliyemdhania, na haongei, maana akifungua kinywa hajui nani atajibu. Kila asubuhi Zuena anammiminia kikombe cha juisi, kinajaa mpaka ukingoni. Anakiinua aonje kwanza, kama alivyofunzwa. Kabla hakijamfika midomoni, funda moja limeshapungua.