Simu ya Lupango na Barua za Kampuni

Katika lupango moja pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kuna nyumba nyingi, lakini simu nzuri ni moja tu. Lupango ni uwanja mmoja unaokaliwa na familia kadhaa. Simu hiyo ni ya Annuarite, fundi wa kushona kutoka Fizi, Kongo. Majirani humwita Mama Josué, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Simu nyingine za hapo zina vioo vilivyopasuka, au betri zimevimba kama maandazi.

Basi simu ya Annuarite inatumikia wote. Mume wake, Valentin, anafundisha korale ya kanisa, na nyimbo zote za korale zimo humo. Jirani yao Vénérande, Mama Akeza, Mrundi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, anaitumia kuongea na dada yake aliye Madisi. Watoto wanachezea mchezo wa kupasua peremende. Kumnyima jirani simu katika lupango hilo ni kama kumnyima kaa la kuwashia jiko. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Niwategee kitendawili kimoja: wote wanakula kwangu, sahani haipungui, lakini mimi mwenyewe nazimia. Mimi nani? Ni simu. Kinachoisha ni chaji.

Annuarite anaongoza kikundi cha mafundi wanawake. Kazi yao kubwa inatoka Lilongwe, mtaa wa Kawale, kwenye kampuni moja ya sare za shule. Zamani kampuni ilituma picha za mishono kwa WhatsApp. Picha hizo zilichanganyika na nyimbo, matangazo ya misiba na salamu za Jumapili. Siku moja Annuarite alifungua picha ya kola pana, nyeupe, nzuri sana. Akawaonyesha wenzake, wakashona. Kumbe ilikuwa picha ya kanzu mpya ya korale. Wanafunzi wa shule nzima wakapelekewa mashati, wakaonekana kama maaskofu wadogo.

Kampuni haikucheka. Ilisema kwamba kuanzia sasa kazi itatumwa kwa barua pepe ya kampuni tu. Annuarite atapewa anwani yake na neno lake la siri, aviweke kwenye simu. Barua ya kwanza ilikuwa imekwisha kutumwa, nayo ilikuwa na kazi ya muhula mzima. Kama hajajibu kufikia Ijumaa jioni, kazi itapewa mafundi wa Area 36, mtaa mwingine wa Lilongwe.

Msichana wa ofisini akamsomea anwani na neno la siri kwa simu. Annuarite aliogopa kusahau. Basi baada ya kuongea, akajirekodi sauti yake akiyataja yote, ndani ya simu hiyo hiyo. Aliona amefanya jambo la akili.

Valentin akavaa miwani, akaandika anwani. Simu ikajibu kwa Kiingereza kwamba haiwezi kuiamini seva. Valentin alitafsiri kadiri alivyojua.

"Inataka karatasi," akasema. "Hata telefone sasa inatuuliza statut ya ukimbizi."

Lupango lote likaona hilo ni kweli, kwa sababu limezoea kuulizwa karatasi. Vénérande alidhani ni shida ya mtandao tu, maana WhatsApp nayo ilikuwa imegoma tangu jana. Akaipandisha simu juu ya bati ipate hewa ya mtandao. Iliposhuka ilikuwa ya moto kama pasi, na bado haikumwamini mtu.

Siku iliyofuata alikuja Nahayo kuchukua gauni lake. Nahayo ni dada Mrundi anayefundisha kompyuta hapo kambini, na wote humwita mwalimu. Aliitazama simu kidogo tu.

"Mama Josué, tuko mwaka gani?"

Annuarite akaona hilo ni swali la kupima wazimu. Akautaja mwaka, polepole.

"Wewe unajua. Telefone yako haijui. Iko mbele yetu na miaka mingi."

Ikajulikana kwamba watoto walikuwa wameisogeza tarehe mbele, ili mchezo wa peremende uwape roho mpya bila kungoja. Valentin akatikisa kichwa.

"Kama iko mbele, basi iulize," akasema. "Huko mbele vita ya Fizi imekwisha?"

Walicheka, kisha Nahayo akaeleza. Seva ni kompyuta kubwa ya kampuni. Ni kama ghala ambako barua zote zinakaa. Simu ikifika mlangoni, seva inaonyesha cheti chake, ili simu ijue kwamba hapa kweli ni kwa kampuni, si kwa mwizi aliyejenga mlango unaofanana. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu iliyoko miaka ya mbele inaona cheti kimeisha zamani, kwa hiyo inakataa.

"Ikikataa hivyo, usibonyeze tu 'endelea' kwa nguvu," akasema Nahayo. "Angalia tarehe kwanza. Kama tarehe iko sawa na bado inakataa, uliza bilo, kule ofisini kwa kampuni."

Akaingia kwenye mipangilio, akaiacha simu ichukue tarehe yenyewe kutoka kwenye mtandao. Kisha akamwonyesha Annuarite kazi iliyobaki, naye Annuarite akaifanya kwa kidole chake mwenyewe. Alichagua akaunti ya kampuni, si akaunti ya kawaida. Akaandika anwani nzima bila kuacha nafasi. Akaandika neno la siri, herufi kubwa zikiwa kubwa na ndogo zikiwa ndogo. Mwisho akaandika jina la seva, alilosomewa pamoja na hayo.

Simu haikukataa tena. Ila ilileta maneno mengi, na chini yake neno la kukubali. Kidole cha Annuarite kikaruka kwenda huko. Nahayo akakishika.

"Soma kwanza, mama. Bantu banakubali kitu hawakusoma, kesho banalia."

Akamsomea. Kampuni ilitaka simu iwe na namba ya kufungulia, kwa sababu barua zina majina na vipimo vya watoto wa watu. Simu ikiibwa, kampuni iweze kuifuta kutoka mbali. Na mtu akikosea namba mara nyingi, simu itajifuta yenyewe, na kila kilichomo kitapotea. Basi nyimbo za korale zihifadhiwe kwanza mahali pengine.

Valentin alisema nyimbo atazihamisha kesho. Annuarite alikuwa na haraka ya barua yake, akakubali. Nahayo akamwambia achague namba asiyoijua mtu mwingine.

"Hata mimi?" akauliza Valentin. "Mi njo bwana yake."

"Hata wewe, papa."

Valentin alikwenda kukaa nje. Alikaa na mgongo wake umeelekea nyumba, ili waone kwamba ameumia.

Barua ilikuwemo, lakini ilikuwa ndefu, na Annuarite alitaka kuijibu baada ya kuongea na wenzake. Kesho yake akaiacha simu kwenye chaji, akaenda sokoni kutafuta uzi.

Korale ilikuwa na mazoezi. Valentin akaja kuichukua simu, akakuta imefungwa. Alijaribu tarehe ya harusi yao. Ilikataa. Alijaribu mwaka waliotoka Fizi. Ilikataa. Vénérande akaja kutaka kumpigia dada yake. Alipoambiwa simu imefungwa, aliweka mikono kiunoni.

"Imefungwa kwa nani? Mi naazima hapa moto, chumvi, hata mtoto wa kunichotea maji."

Akajaribu tarehe ya kuzaliwa ya Akeza wake. Haikufaa. Hakuna aliyefanya hila. Kila mmoja alijaribu mbele ya wenzake, mchana, kama watu wanaosaidiana kufungua mlango uliokwama. Pasta Ndayisaba alipita kwenda kanisani, akaombwa msaada. Pasta alifikiri sana, akasema mwanamke mcha Mungu lazima ameweka namba ya wimbo anaoupenda. Wakajaribu nyimbo. Zilipokwisha nyimbo, wakaingia Zaburi.

Simu ilikuwa ikileta onyo, na kila mara onyo lilikuwa refu zaidi.

"Inasema nini?" akauliza Pasta.

"Inasema tunakaribia," akajibu Valentin.

Mwishowe kioo kikazima. Kikakaa kimya. Kisha kikawaka cheupe, chenye neno la karibu katika lugha nyingi za dunia.

"Inatusalimia," akasema Vénérande. "Tumeshinda."

Wakashangilia. Annuarite alipofika na uzi wake alikuta watu wakimpongeza Pasta. Akaichukua simu. Hapakuwa na nyimbo. Hapakuwa na picha za dada wa Madisi. Hapakuwa na barua. Simu ilimwuliza anataka lugha gani, kama vile hawajawahi kuonana.

Alikaa chini juu ya kinu kilichopinduliwa. Hakugombana na mtu, na hilo liliwaogopesha zaidi. Valentin akawageukia watu wa korale, akawaambia mazoezi hayapo.

Nahayo akaitwa. Alisema simu itarudi kufanya kazi, na akaunti itawekwa upya, ni kuandika neno la siri tena. Hapo Annuarite akafunika uso kwa kitenge. Neno la siri lilikuwa kwenye ile sauti aliyojirekodi. Ile sauti ilikuwa ndani ya simu. Haya, nitegulieni hicho: nimefunga nyumba, nimeuweka ufunguo salama kabisa, na siwezi kuingia. Nimeuweka wapi? Ndani.

Vénérande alitaka kusaidia, maana dhambi ilikuwa yake pia. Akaazima simu yenye kioo kilichopasuka, akapiga ofisini, akajiita Annuarite. Alitumia sauti yake ndogo kabisa, ambayo bado ilisikika hadi nyumba ya tatu. Ofisini wakamjibu kwa adabu kwamba neno la siri likipotea, jipya halitolewi kwa simu. Mwenyewe aje, wamwone.

Vénérande alikasirika. Nahayo akamwambia asikasirike.

"Wewe si Mama Josué, na wamekukataa. Basi wamefanya kazi vizuri."

Ijumaa asubuhi Annuarite na Nahayo walipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara ya lami, wakashika gari la Lilongwe. Njia nzima Annuarite alitunga maneno ya kuomba msamaha. Kufika Kawale, alipelekwa kwa Bwana Thokozani, anayetunza kompyuta za kampuni. Annuarite alipiga goti kidogo kama wafanyavyo wenyeji, akasema zikomo, yaani asante, hata kabla ya kupewa chochote. Nahayo akatafsiri kwa Kichewa.

"Mwambie nimepoteza barua zake," akasema Annuarite. "Mwambie kazi bado tunaiweza. Mikono yetu haikufutwa."

Thokozani aliyasikiliza yote, pamoja na Zaburi. Masimulizi yalipofika kwenye "tumeshinda" ikabidi avue miwani apanguse macho. Kisha akaigeuza kompyuta yake waione. Barua ya Annuarite ilikuwemo, nzima, haikupungua hata nukta. Akaeleza kwamba barua haikai kwenye simu. Inakaa kwenye seva, na simu ni dirisha la kuitazamia. Dirisha likivunjika, vitu vya ndani ya ghala vinabaki. Nyimbo za korale ndizo zilizokaa kwenye simu peke yake, na hizo kweli zimekwenda.

Halafu akauliza kwa nini asiwe na simu yake mwenyewe, isiyoshikwa na wengine. Annuarite akasema hilo haliwezekani. Mtu hawezi kukaa kwenye lupango na kufungia moto ndani.

Thokozani alifikiri, akasema dawa ipo. Simu kama hiyo inaweza kujengewa chumba cha kazi ndani yake. Barua za kampuni zinakaa humo, na chumba kina kufuli yake. Sehemu nyingine inabaki wazi kwa watu wote. Mtu akikosea namba ya chumba mara nyingi, kinafutwa chumba tu. Nyimbo, picha na peremende vinabaki.

"Kumbe ni kama nyumba," akasema Annuarite. "Wageni banakaa sebuleni. Chumba cha kulala hawaingii."

Thokozani akampa neno jipya la siri, akageukia ukutani wakati Annuarite akiliandika. Safari hii Annuarite alilikariri moyoni mwake, kama mstari wa Biblia, wala hakulirekodi. Chumba kikajengwa, na alama ya mkoba mdogo ikatokea kwenye kioo. Akaifungua barua, akaandika jibu kwamba kikundi kimekubali kazi, akatuma.

Kompyuta ya msichana wa meza ya pili ikalia.

"Imefika," akasema msichana.

Annuarite alimtazama. Kati yao palikuwa na meza moja na kikombe cha chai. Akauliza barua imezunguka wapi muda wote huo, na kwa nini asingemwambia tu kwa mdomo. Nahayo akasema hilo atalieleza wakiwa ndani ya gari.

Vitambaa vilifika Dzaleka wiki iliyofuata, na cherehani zikaanza kulia tangu alfajiri. Valentin aliwaimbisha korale nyimbo zote upya ili azirekodi. Wengine walinung'unika, lakini safari hii sauti ya pili iliingia mahali pake. Siku hiyo hiyo akaziweka pia kwenye memori kadi, akaifunga kadi kwenye kitambaa ndani ya sanduku la Biblia. Hakusema kesho.

Na simu inaendelea kuzunguka. Jana ilikuwa mkononi mwa Vénérande, akimweleza dada yake wa Madisi bei ya mahindi. Mara ule mkoba mdogo ukalia. Vénérande akakatiza maongezi, akaishika simu kwa ncha za vidole, akaja mbio mpaka kwenye cherehani.

"Mama Josué, chumbani kwako kuna mgeni."

Annuarite akafuta mikono. Hapo lupango lote likageuza nyuso: Vénérande akatazama bati, Valentin akatazama viatu vyake, wanawake waliokuwa wakichambua maharage wakayainamia, kama watu wanavyofanya jirani anapokwenda kuoga. Annuarite akaandika namba yake, akasoma. Ilikuwa kazi nyingine, ya muhula unaofuata.